Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: jiwe la baba mdogo liko chini ya kitanda

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua mezani kwako kuna tembo, simba na mahoteli, mimi nimekuja na jiwe moja tu, nivumilie.

Mwaka juzi baba mdogo alikuwa anachimba mashimo ya miche ya kahawa huku kwetu Mbozi, jembe likagonga kitu kikalia ngwee, sio mlio wa jiwe la kawaida. Akatoa bonge jeusi jeusi lenye ukahawia, dogo tu, linaenea kwenye viganja viwili, ila kulinyanyua lazima ukaze tumbo. Tukasogeza sumaku ya spika mbovu, ikajibamiza yenyewe. Sasa huku kwetu mtu akiona hivyo kichwani linakuja neno moja tu, kimondo, maana lile likubwa limelala pale Ndolezi tangu enzi za mababu, yule mpima ardhi Nott wa 1930 anaandikwa ndo mgunduzi ila wazee walikuwa wanalijua siku nyingi.

Mi nkamwambia asubiri kwanza, yaweza kuwa mavi ya chuma tu. Wanyiha walikuwa wahunzi kweli kweli, matanuru yao yameacha mabonge huko mashambani. Lakini mavi ya chuma mara nyingi yana vitundu vitundu kama mkate wa kumimina, hili halina hata kimoja.

Basi tukaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza wakatuambia hayo ni mambo ya madini, ya pili wakasema hayo ni mambo ya kale, ya tatu mhusika yuko semina. Muuza skrepa akaliweka kwenye mzani, akataja bei ya kilo kama ya rimu ya baiskeli. Halafu akatokea dalali kwenye WhatsApp, huyo akawa anaongea dola, akasema kateni kona mnitumie picha ya ndani. Baba mdogo akampelekea fundi grainda, cheche zikaruka, ndani kukang'aa kama kijiko kipya. Kisha, ili lipendeze kwa mnunuzi, akaliosha kwa maji na sabuni ya unga akalianika dirishani, na ilikuwa masika. Wiki mbili mbele pale palipong'aa pameota vipele vya kutu na unga wa rangi ya machungwa unadondoka kwenye kitambaa. Dalali akapotea.

Kosa ni letu, nakubali, ila hakukuwa na mtu wa kutuambia. Nimekuja kusoma baadaye kwamba vimondo vya chuma ni chuma na nikeli, lile la Ndolezi ni kama asilimia 90 chuma na 8 hivi nikeli, na adui wao mkubwa ni unyevu pamoja na chumvichumvi inayoingia kwenye nyufa, hata jasho la mikono lina mchango wake. Makumbusho za wenzetu wanashika kwa glovu, wanaweka sehemu kavu, na wengine wanatumia vile vipakti vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya ambavyo sisi tunatupa. Na kipande cha kimondo cha namna hiyo kikikatwa, kikasuguliwa vizuri na kupakwa tindikali ya naitriki kidogo, mara nyingi inatokea michoro ya mistari inayopishana kama ukili wa mkeka, manake chuma kilipoa taratibu mno ndani ya mwamba wa angani, kwa mamilioni ya miaka. Hakuna tanuru la duniani linaloweza kuiga hiyo. Mimi ni mtu mzima na sijawahi kuiona kwa macho, naiona kwenye simu tu, wakati tani zote zile ziko kwetu. (Hata hizo tani hatujakubaliana, huku tunasema 12, wengine wanaandika 16. Si lipimwe tu jamani?)

Na usidhani ni hilo la chuma peke yake. Desemba 16, 1938 lilidondoka jingine hapo Ivuna, mkoa huu huu wa Songwe wa leo, likaokotwa gramu 705 tu. Hizo gramu ni maarufu kuliko sisi wote, kundi zima la vimondo adimu linaitwa CI na hiyo I ni Ivuna, na mavumbi ambayo Wajapani waliyaleta 2020 kutoka Ryugu, mwamba mdogo unaozunguka jua huko angani, yakalinganishwa na kundi hilo hilo. Kipande kikubwa kilichobaki kilikuwa kwa mkusanyaji binafsi Marekani, 2008 makumbusho ya London wakakinunua. Muulize kijana wa Vwawa Ivuna ni nini, atakwambia kuna chumvi.

Wasomali nao wana lao la El Ali, tani 15, wafugaji walikuwa wanalinolea visu. Kipande cha gramu 70 tu kikafika maabara Canada, wakakuta madini ambayo yalikuwa hayajawahi kuonekana duniani kiasilia, wakatangaza 2022. Jiwe lenyewe habari zikasema limeshasafirishwa China.

Kwa hiyo Mheshimiwa naomba kitu kimoja, chumba. Chumba kimoja pale Ndolezi, kikavu, chenye mtu mmoja anayejua mawe, mzani, sumaku na daftari, mwananchi akiokota anakuja, jiwe linapimwa, likiwa mavi ya chuma anaambiwa ukweli anarudi shambani, likiwa kimondo linaandikwa kwa jina lake na analipwa papo hapo hela ya maana, sio cheti na kupeana mikono kwa picha. Bila hela ataenda kwa dalali, hata mimi ningeenda. Na ukiwa unaongea na watu wa London, waombe hata kwa mkopo kipande kilichosuguliwa cha Mbozi wakiwekee kioo hapo hapo, watoto wanaokuja kupiga selfi wajue ndani kuna nini.

Letu tumelifuta kutu kwa brashi ya waya, tukalipaka mafuta ya cherehani, tumelifunga kwenye nailoni na vipakti vya viatu tulivyochangisha mtaa mzima. Liko chini ya kitanda cha baba mdogo, na mama mdogo amesema hilo dude likifika Krismasi linaenda kuzuia mlango wa banda la kuku.

Ni mimi, mkulima wa kahawa, Mbozi.