Barua ya malalamiko: Spika mpya na amplifaya nilizouziwa kwa sababu ya waya mbili zilizopishwa

Bububu,
Wilaya ya Magharibi A, Unguja.
5 Agosti 2024.

Meneja,
Idara ya Ufundi,
Tawi la Mwanakwerekwe.

YAH: KAZI MBOVU YA WAYA ZA SPIKA NA MADAI YA KURUDISHIWA SHILINGI 535,000

Assalaam aleikum.

Mimi ndiye mwenye ile Hiace nyeupe yenye kitanda, karo na jiko la gesi ndani, ambayo vijana wenu waliipa jina la Kobe kwa kuwa inatembea na nyumba yake mgongoni. Jina silikatai, hata wajukuu zangu sasa wanaiita hivyo. Ninachokikataa ni kazi mliyoifanya ndani yake, maneno mliyonambia baadaye, na pesa mlizonitoza kwa kosa lililokuwa lenu tangu mwanzo.

Nianze na nilichokitaka, maana kwenye simu kijana wenu alidai nilitaka muziki wa harusi. Gari hii imetoka Ujapani na redio yake ya kwanza ilikuwa ya huko, ambayo FM yake ilianzia 76 na kuishia 90. Hapa kwetu stesheni zimekaa kati ya 88 na 108, kwa hivyo redio ile ikishika kijipande kidogo tu, na kwengine kote ni mvumo mtupu. Tarehe 8 Juni nikaja kununua redio mpya. Spika mbili za nyuma, zilizo juu ya kitanda, zilikuwa zimeungwa na televisheni ya zamani ambayo haifanyi kazi, nikaomba zivutiwe waya mpya kutoka kwenye dashibodi. Kazi yote ndiyo hiyo. Redio shilingi 280,000, waya 45,000, ufundi 120,000. Nililipa siku hiyo hiyo, nikapewa risiti ya mkono badala ya ya mashine, na nikaliacha lipite. Sasa najuta.

Mwenye sikio nyumbani ni mke wangu. Jioni ile tuliegesha pwani, tukakaa kitandani katikati ya spika mbili, tukaweka taarab asilia ya zamani. Fidla zilikuwepo na kanuni, kile chombo cha nyuzi, ilikuwepo, lakini zimetawanyika kama zinapigwa nje ya gari. Besi hakuna kabisa, na mwimbaji hujui yuko wapi. Mke wangu akauliza, "Huyu bibi anaimbia chooni?" Nikasogeza kichwa kwenye spika ya kulia peke yake, sauti safi. Ya kushoto peke yake, safi. Nikirudi katikati, mwimbaji anapotea tena.

Ndugu Meneja, anayefunga redio za gari kwa kulipwa anatakiwa aijue dalili hiyo kama mkunga anavyoujua uchungu. Spika moja inasukuma hewa wakati nyengine inaivuta. Yaani chanya na hasi za upande mmoja zimepishwa. Sauti nyembamba zinanusurika nusunusu, lakini besi, ambayo mawimbi yake ni marefu, inafutana yenyewe kwa yenyewe pale katikati, na mwimbaji, ambaye sauti yake hutoka sawasawa kulia na kushoto, anafutika pamoja nayo. Santuri za zamani zilirikodiwa kwa mkondo mmoja, pande zote mbili ni kitu kile kile, kwa hivyo muziki wa aina hiyo ndio unaoumia zaidi. Nimesomesha fizikia skuli za sekondari kwa miaka 31, na nakiri hapa kwa maandishi kwamba hilo halikunijia kichwani siku ile. Niliona nimelipa mafundi, basi mafundi wafikiri.

Tarehe 22 Juni, siku chache baada ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu (Idd el-Hajj), nikarudi kwenu. Fundi wenu mkuu alisikiliza akiwa amesimama nje ya mlango wa gari, dakika mbili hazikufika, akatoa hukumu: spika zimezeeka, karatasi zake zimelainika kwa chumvi ya bahari, na redio haina nguvu ya kusukuma spika za nyuma bila ya amplifaya, yaani kifaa cha kuikuza sauti kabla ya kufika kwenye spika. Hakufungua spika. Hakushika mita. Nikauziwa jozi ya spika kwa 90,000 na amplifaya kwa 220,000, na ufundi 60,000 juu yake. Nilipoomba spika zangu kuukuu, zilikuwa zimeshatiwa kwenye pipa la taka, na kijana mmoja alicheka nilipoinama kuziokota. Alhamdulillahi niliziokota.

Kuhusu hiyo nguvu: boksi la redio limeandikwa wati 50 mara 4. Sote tunajua hizo ni wati za kwenye boksi. Za kweli, zinazodumu, hazifiki nusu yake. Lakini chumba cha hatua nne kinahitaji wati ngapi?

Amplifaya iliongeza kelele tu. Mwimbaji hakurudi, sasa alikuwa amepotea kwa sauti kubwa zaidi.

Mwezi Julai tulikwenda Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mimi, mke wangu na wajukuu watatu, tukalala ndani ya gari. Asubuhi gari haikuwaka, hata kuguna haikuguna. Bahati ni ya gia za mkono. Vijana waliokuja kutazama watu wakitwangana kwa makuti ya migomba ndio waliotusukuma, na maneno yao juu ya Kobe sitayaandika kwenye barua ya heshima. Gari hii ina betri mbili, moja ya kuwashia injini na moja ya nyumba, yaani ya taa, friji na pampu ya maji. Nilisema wazi tarehe 8, nikarudia tarehe 22, kuwa muziki utumie umeme wa betri ya nyumba, ili hata tukisahau redio usiku kucha tuweze kuondoka. Mkaiunga amplifaya kwenye betri ya injini. Tena ile waya nyembamba inayoiamsha na kuilaza amplifaya, ambayo hufuata waya ya buluu ya redio ili redio ikizimwa nayo izimike, mmeiunga na ya manjano, yenye umeme saa zote. Amplifaya yenu haikupata kulala tangu siku ilipofungwa.

Tuliporudi nyumbani nilikaa na bisibisi, msaidizi wangu akiwa mjukuu wa darasa la sita. Nilichomoa waya za spika za nyuma kwenye amplifaya, nikachukua betri ya tochi ya volti 1.5, nikagusisha chanya ya betri kwenye waya yenu ya chanya na hasi kwenye ile yenye mstari mweusi. Ukifanya hivyo, spika iliyoungwa sawa hutokeza karatasi yake nje. Ya kulia ikatokeza. Nikagusa ya kushoto, mtoto akapiga kelele, "Babu, hii imeingia ndani!" Tukarudia mara tatu, mara tatu ikaingia ndani. Kipimo chote kimechukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na gharama yake ni betri moja ya tochi.

Nikafungua paa. Waya zenu mlizozivuta ni za rangi zinazojulikana na kila fundi, kijani kwa kushoto nyuma na zambarau kwa kulia nyuma, ya mstari mweusi ikiwa hasi. Lakini kule juu zinakutana na kipande cha waya cha kiwandani ambacho rangi zake ni nyengine kabisa. Upande wa kulia fundi alibahatisha akapata, wa kushoto akabahatisha akakosa. Tarehe 22 hakuna aliyekigusa kiungo hicho, kwa hivyo spika mpya zikarithi kosa la zile za zamani. Na kiungo chenyewe! Kimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, hakikuchomewa risasi wala kubanwa kwa kibanio. Tepu imeshayeyuka gundi kwa joto la bati, na ndani mna kutu ya kijani, ilhali haijatimia miezi miwili. Nikaikwaruza waya kwa kisu nikaona weupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Risiti yenu imeandika shaba.

Nikazipindua waya mbili za kushoto, nikazichomea risasi, nikarudisha spika zangu kuukuu zilizotoka pipani, nikaiacha amplifaya nje na kuziunga moja kwa moja na redio. Mke wangu alitoka jikoni mikono imejaa unga. "Ah," akasema, "karudi."

Mpaka hapo ningeweza kuyameza, nikalaumu ujinga wangu, nikanyamaza. Hili linalofuata ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Waya ya umeme mliyoivuta kutoka betri ya injini hadi kwenye amplifaya ni nyembamba, ya milimita za mraba 1.5, na mmeiwekea fyuzi ya ampea 30. Fyuzi kazi yake ni kukatika kabla waya haijaungua. Waya ile ingeanza kuyeyuka ganda lake huku fyuzi ikitazama tu. Fyuzi yenyewe mmeiweka kwenye mwisho wa amplifaya, si karibu na betri, kwa hivyo njia yote ya mbele haina ulinzi wowote. Na njia hiyo inapita wapi? Ndani ya kabati la mtungi wa gesi. Mmetoboa bati kwa drili, mkapitisha waya kwenye tundu tupu lenye makali, bila ya raba, na kwa mtikisiko wa barabara ganda limeshakwanguka mpaka karibu na chuma cha ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini, na waya yenu imelala chini. Tulilala watu watano ndani ya gari ile Makunduchi, watatu wao watoto.

Nilipiga simu tarehe 22 Julai, nikaja mwenyewe tarehe 25. Nilijibiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba Zanzibar ni kisiwa na chumvi inakula kila kitu. Nakubali, nimezaliwa hapa. Lakini chumvi haipishi chanya na hasi, wala haitoboi bati, na fundi wa kisiwani ndiye mtu wa mwanzo anayepaswa kujua kwamba kiungo cha tepu hakiishi hapa. Pili, kwamba kwa kuwa nimefungua mwenyewe, dhamana imekufa. Kwani dhamana ilikuwa ya nini, ya kosa lisionekane? Kabla sijagusa kitu nilipiga picha kila hatua, na video ya simu ya spika ikiingia ndani ninayo.

Kijana aliyefanya kazi tarehe 8 simlaumu sana. Nilikaa pale kwenye benchi lenu tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, na sikumuona mkubwa wake akija kumtazama hata mara moja. Alifanya kwa adabu, alifagia hata vumbi lake. Msimfanye yeye ndiye mkosaji wa barua hii. Aliyesimama nje ya mlango dakika mbili akaniuzia vitu vya laki tatu na kumi, huyo ndiye ningependa aisome.

Ninachodai ni hiki. Spika mpya na amplifaya nitazirudisha kwenye maboksi yake, nanyi mnirudishie 370,000 yote ya tarehe 22, ufundi ukiwa ndani yake. Mnirudishie pia 120,000 ya ufundi wa tarehe 8, kwa kuwa ufundi wenyewe nimeufanya mimi, na 45,000 ya waya iliyouzwa kwa jina la shaba. Jumla 535,000. Redio nabaki nayo, ni nzuri na sina ugomvi nayo. Tundu mlilotoboa kwenye kabati la gesi mje mlizibe kwa gharama yenu, na nitataka kuwepo wakati linazibwa.

Nataka pia mniandikie kwamba mmewapigia simu wateja wengine mliowafungia amplifaya kwenye gari zenye gesi au zenye vitanda. Mwezi uliopita niliona kwenye uwanja wenu gari nyengine ya aina yangu, ya mtu anayewakodisha wageni wa kwenda Jambiani na Nungwi. Mimi nilibahatika kuwa na betri ya tochi na miaka 31 ya ubao na chaki. Mgeni atakayelala ndani ya gari ile hana hata habari kuwa kuna waya.

Nawapa siku 14 tangu kuipokea barua hii. Zikipita bila ya jibu la maandishi, nitaipeleka pamoja na picha na risiti zote mbili kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na suala la risiti ya mkono nitalieleza kwa wanaohusika nalo.

Gari ipo nyumbani na waya ya amplifaya nimeshaikata kwenye betri. Mnaweza kuja siku yoyote baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Kipande cha waya mlichokiunga kwenye paa, pamoja na tepu yake, nimekitia kwenye bahasha mkione wenyewe.

Wenu,

(saini)
Mwalimu mstaafu, Bububu