Ukuta wa mawe msiuvalishe koti la mvua

Mhariri salaam, na poleni na kazi.

Ule ukurasa wenu wa nyumba nausoma kila wiki, mume wangu anaanza na mechi mie naanza na nyumba. Juzi mkatuwekea kuta za nje "rafiki kwa mazingira", picha zinapendeza kweli, kladingi ya plastiki, vile vibao vya kuvalisha ukuta kwa nje, imechorwa mistari kama mbao, eti haiozi, haipauki na hukati mti. Nikasema hapa sinyamazi, maana mie ukuta wa nje umenila hela na akili miaka minne sasa.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu bibi, ipo Pangani, ya mawe ya matumbawe yale ya kuchimba ardhini, kuta unene wake nusu mita hivi, dirishani mtoto anapanda anakaa anakula embe na miguu kaikunja. Nilipoipokea lipu ya wazee ilishachoka, huku imebanduka kule mawe yanachungulia. Nikaita fundi, kijana wa mjini, kaizunguka mara moja tu akasema mama hii chokaa haina nguvu, tunaitoa yote tunapiga lipu ya simenti, skimu juu, tunamaliza na rangi ya mafuta ya kuzuia maji, hutomuita fundi tena miaka ishirini. Nikamwamini, na nyumba iling'aa bwana, majirani walikuja kupiga picha.

Masika ya kwanza tu. Ndani usawa wa goti ukuta ukaanza kutoa jasho, ukiushika asubuhi kiganja kinarudi kimelowa, kisha ukatoka unga mweupe, nikaulamba (msinicheke), chumvi. Nje rangi ikatoa malengelenge kama mtu aliyeungua uji, ukiligonga linalia ko ko kama debe tupu. Mwaka wa pili pande zima la lipu likaja chini, ukubwa wa mlango, na halikuja peke yake, lilikuja na uso wa mawe umelishikilia kwa nyuma. Nikashauriwa nipake rangi nyingine ya kuzuia maji juu ya ile. Nikapaka. Hela tusizitaje.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi, mtu wa huku huku ila ameshashika kazi nyingi Mji Mkongwe kule Unguja. Kaja na kisu cha jikoni, kachokoa pale penye lengelenge, maji yakamtiririka mkononi, na ilikuwa kiangazi hiyo, wiki tatu hakuna mvua. Akaniambia mwanangu, nyumba umeivalisha koti la mvua nayo inatokwa jasho kwa ndani. Jiwe la tumbawe lina matundu, linanyonya maji ya ardhini na chumvi yake, zamani yale maji yakipanda yanatokea nje kupitia kwenye chokaa, jua na upepo wa bahari vinayakausha, yamekwisha. Sasa wewe umekuja na simenti na rangi ya mafuta umefunga mlango, maji yatatokea wapi? Yanatokea sebuleni kwako. Halafu simenti ni ngumu kuliko lile jiwe lililo nyuma yake, mchana ukuta unatanuka usiku unajikunja, chokaa inaenda nao, simenti haiendi, inapasuka, na ule ufa ndo mlango mpya wa mvua.

Basi tukabandua upande wa mashariki, wa kusini na ule wa barabarani. Tukauacha ukuta uchi miezi mitatu ukauke, watu wakasema nimeishiwa. Chokaa nilinunua ya mifuko, ya Tanga, tukailoweka kwenye pipa na maji juu yake kidole kimoja, tukafunika, mwezi mzima na zaidi, mpaka ikawa kama siagi, mzee alikuwa anapitisha mwiko anasema bado, anaondoka. Mchanga wa mtoni tena uliooshwa, wa ufukweni hapana kwa sababu ya chumvi, kipimo ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Na unapigwa mkono mwembamba, usizidi sentimita moja, unasubiri siku kadhaa, unalowesha, unapiga mwingine, na siku zote hizo ukuta umetundikiwa magunia mabichi ili jua lisiuunguze. Saidia fundi wawili walikimbia, walizoea simenti, leo unapiga kesho unapaka rangi. Mwisho tukapaka niru, chokaa nyepesi kama maziwa, mara tano. Ukiwa bichi unauona umefifia kijivu unasema nimeibiwa, ukikauka unapiga weupe mpaka macho yanauma saa sita, na chumba cha huko mchana kimepungua joto, feni naiwasha usiku tu. (Angalizo: mkinunua ile ya mawe ambayo haijazimwa msisogeze watoto, ikikutana na maji inachemka, jichoni ni hospitali.)

Sasa mazingira, ndo mlikoanzia. Simenti inachomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, chokaa inatosheka na 900 hivi, na viwanda vya simenti duniani vinabeba karibu asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote tunayoitoa binadamu. Chokaa nayo ikichomwa inaitoa hewa hiyo hiyo, tusidanganyane, ila ikishakaa ukutani inaanza kuinyonya tena kidogo kidogo na ndo inavyokuwa ngumu, inarudi kuwa jiwe. Kinachobaki ni moto uliotumika kuichoma, na hapo kuna mtego ambao makala yenu hata kama ingesifia chokaa sidhani kama ingeusema. Tanuu la kienyeji linapangwa magogo, minazi na mikoko, mawe juu, linawashwa. Na mawe mengine yanang'olewa baharini matumbawe yakiwa hai. Ukipaka chokaa ya namna hiyo halafu ukajisifu unatunza mazingira, samaki wanakucheka. Sisi Pangani tuna Maziwe, kilikuwa kisiwa kina miti yake, leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni, hatuhitaji kuambiwa bahari inaweza kuchukua nini. Ndo maana nilikwenda kwenye ya mifuko, kiwanda nacho kinachoma kitu najua, ila si mkoko wa mto wetu, na mawe ya chokaa Tanga yapo tele, aliyefika mapango ya Amboni ameyaona kwa macho.

Hiyo plastiki yenu sina mengi nayo. Inatoka kwenye mafuta, inakuja kwa meli, jua la pwani linaila mpaka inakuwa kama biskuti, na kwenye ukuta wa mawe ni lile lile koti la mvua. Ikikatika utaipeleka wapi? Dampo, ama wataichoma nyuma ya nyumba tuvute wote.

Msinielewe vibaya, simwambii mtu wa Mbagala mwenye tofali za bloku abandue simenti yake apake chokaa, bloku ni simenti tayari, lipu ya simenti inaiweza. Yeye hela ya kladingi aongezee bati, upenu utoke nje sawasawa mvua isipige ukuta, na pale chini panaporuka matope aweke kokoto na kimtaro. Na ambaye hajaanza kujenga aulizie zile tofali za udongo za kufungamana zinazoshindiliwa kwa mashine na simenti kidogo, hazichomwi kwa kuni, na ukizipanga vizuri upenu ukiwa mpana nje huna haja hata ya lipu.

Ila wenye nyumba za mawe, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Unguja, Lamu, hao ndo naomba muwaandikie, tena kabla fundi wa simenti hajafika. Gharama pia muiseme. Mie chokaa kwa ukuta imeniondokea zaidi kidogo ya simenti kwa sababu ya siku za fundi, vifaa vyenyewe vilikuwa bei chini, na niru narudia mwenyewe kila baada ya masika na brashi ya katani, asubuhi moja upande mmoja. Mzee umri umeenda na anafanya kazi na kijana mmoja tu, mjukuu wake. VETA, wale wa vyuo vya ufundi, wangemuita hata kwa mwezi mmoja akae na vijana.

Upande wa magharibi bado una lipu ile ya simenti, hela iliishia kona. Nitaubandua masika ikipita. Mwandishi wenu akitaka aje kabla ya hapo, alale, asubuhi ashike ukuta ule kwa mkono mmoja na wa kusini kwa mkono mwingine, chai ipo.

Msomaji wenu,
Pangani