Kwa mdogo wangu anayetaka Karimjee ibadilishwe jina

Mdogo wangu,

Nimeusoma ujumbe wako kwenye kundi la familia: kwamba ukumbi wa Karimjee siku hizi ni wa misiba tu, na kwa kuwa jina ni la "Mhindi fulani", upewe jina la Mtanzania. Sikukujibu kule, shangazi angetuamulia kabla hatujaanza.

Huyo Mhindi fulani ni Abdulkarim Karimjee, meya wa Dar es Salaam wakati wa Mwingereza. Ukoo wake ni Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kutch, India. Walianzia biashara Unguja karne ya 19, baadaye wakawa na mashamba makubwa ya mkonge bara. Miaka ya 1950 wakaizawadia Dar ukumbi, jirani na ile bustani ya mimea ya Wajerumani. Baadaye Abdulkarim akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria, vikao vikifanyika humo humo. Hebu fikiria: umetoa jengo, kisha unakalia kiti chake kuamua nani azungumze!

Na waliozungumza hawakuwa haba. Oktoba 1959 Nyerere alisimama mbele ya baraza hilo akasema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro. Mwenge unaokufungia barabara kila mwaka, nawe ukaanza kulalamika, chimbuko lake ni hotuba ile. Baada ya uhuru kiti cha Spika kikaenda kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Kalenga, na Aprili 1964 Bunge la Tanganyika likaridhia Hati za Muungano.

Ikaja 1967, Azimio la Arusha. Mashamba ya mkonge yakataifishwa, ya ukoo huu yakiwemo. Hapo ndipo hoja yako inaponishinda. Mtaa wa Kichwele ulishageuzwa kuwa Uhuru, Acacia leo ni Samora, lakini serikali iliyochukua mashamba ya Karimjee iliendelea kuketi chini ya jina la Karimjee. Unguja walifanya unavyotaka wewe: hospitali yenye jina la ukoo huo huo ikaitwa V. I. Lenin, kisha ikaitwa Mnazi Mmoja. Sijui Lenin alimtibu nani.

Ukoo wenyewe haukufunga mizigo. Hadi leo una biashara Dar. Unataka Mtanzania wa namna gani zaidi?

Kuhusu misiba, kweli. Bunge lilipohamia Dodoma, viwanja vile vimebaki na vikao vya madiwani, sherehe, na kuaga wakubwa. Reginald Mengi aliagwa hapo 2019. Mimi sioni aibu. Mji wa watu wengi hivi unahitaji mahali pa kusimama foleni kumuaga mtu, na pale pana kivuli na nafasi ya magari.

Ukiwa na jina unalolipendekeza, litaje. Hadi sasa umesema "la Mtanzania" tu.

Kaka yako