Usiiuze Ile ya Zamani

Mwandani wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi chini mbele ya baiskeli zangu zote mbili. Unasema umenunua baiskeli ya umeme na umeipenda, na sasa ile ya zamani unataka kuiuza kwa sababu kila ukiitazama unaona kama inakusuta. Halafu mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja tu, umeandika kwamba unaona aibu kukutana na wale tuliokuwa tukipanda nao. Hayo mawili ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Mwaka huu nimetimiza miaka 52, na ni mwaka wa tatu nahama kutoka baiskeli hii kwenda ile na kurudi. Yapo mambo niliyoyajua kwa kuumia, na sitaki wewe uyajue kwa njia hiyo.

Nianze na hiyo aibu, maana ndiyo inayouma zaidi. Kumbuka mchezo wetu huu wa baiskeli za milimani ulivyozaliwa. Miaka ya 1970, huko Marin County, California, vijana kama Gary Fisher na Joe Breeze walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu, nyingine zilizoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kushuka nazo njia za vumbi milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza katika mteremko walioupa jina la Repack. Jina hilo, lenye maana ya kujaza upya, lilitokana na breki iliyokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: ilikuwa ikipata moto hadi grisi inageuka moshi, na baada ya kushuka ilibidi kitovu hicho kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Baiskeli zile zilikuwa na uzito wa kilo 20 na zaidi. Na huko juu walifikaje? Walizisukuma kwa mikono, na mara nyingine walizipakia kwenye gari zikapandishwa. Basi waasisi wenyewe, wakiwa vijana wenye mapafu mazima, hawakuona aibu kusaidiwa kupanda. Iweje wewe uone aibu kwa kuwa goti lako limechoka?

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, mtazame Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Mwaka 2019, UCI, chama cha dunia cha mchezo wa baiskeli, kilipoandaa kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia wa baiskeli za umeme za milimani kule Mont-Sainte-Anne, Kanada, yeye ndiye aliyeshinda kwa upande wa wanaume. Mwaka 2024 alisimama jukwaani kwenye Olimpiki ya Paris na medali ya shaba, na safari hiyo baiskeli haikuwa na injini. Hakuna aliyemuuliza yeye ni wa kundi gani.

Sasa nije kwangu. Unajua goti la kulia lilivyokuwa. Nilifika mahali nikawa nachagua njia kwa kuhesabu miinuko, na hatimaye nikawa sitoki kabisa. Nilipopata ya umeme, siku ya kwanza niliipeleka kwenye ile njia ya mawe tuliyokuwa tukiiogopa hata tukiwa na miaka 30. Nilipanda mpaka juu bila kuteremka. Nikasimama pale nikatazama bonde, machozi yakanitoka, na sikuyafuta. Miaka minne nilikuwa sijapaona mahali pale. Hilo siwezi kuruhusu mtu aliite udanganyifu.

Miezi mitano sikugusa ile nyingine. Nikadhani nimemaliza nayo, kama unavyodhani wewe leo. Asubuhi moja betri ilikuwa tupu, nikaitoa ya kawaida, nikajaza upepo, nikaenda kwenye mlima mdogo ambao zamani niliutumia kupasha misuli moto tu. Sikufika nusu. Mapaja yaliwaka, kifua kikabana, nikaiegemeza baiskeli kwenye mti nikiwa natweta, nikajiambia: basi, nimezeeka, imekwisha.

Nilikaa na huzuni hiyo wiki nzima kabla ya kuelewa kilichotokea. Miguu yangu haikuwa imekufa. Kilichobadilika ni jicho. Injini yangu ni ya kampuni ya Bosch, na katika hali yake ya juu kabisa inaongeza hadi asilimia 340 ya nguvu ninazotia mwenyewe. Nikikanyaga wati 100, yenyewe inaweza kuongeza 340 juu yake. Kwa miezi mitano jicho langu lilikuwa limezoea kuona mawe na vichaka vikinipita kwa mwendo wa wati 400 na ushee, huku miguu ikifanya kazi ya 100. Nilipopanda ya kawaida, jicho likadai mwendo uleule. Miguu ikatii, kama inavyotii siku zote, na ndani ya dakika mbili ikawa imetumia akiba yote. Nilichopoteza ni kipimo cha mwendo, na kipimo hurudi.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye mlima uleule, nikafunika kile kioo cha kuonyesha kasi kwa utepe, nikaanza polepole kiasi kwamba niliona kama nasimama. Pumzi ndiyo niliyoifuata. Nilichotaka ni kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Nilifika juu. Nilichelewa sana, lakini nilifika, na goti halikulia.

Hapo kuna jambo ambalo sikulitegemea, nalo lataka nikueleze vizuri. Goti lilinyamaza kwa sababu ya mambo niliyojifunza kwenye ya umeme. Unakumbuka tulivyokuwa tukinyonga zamani, gia nzito, mizunguko 50 kwa dakika, tukiamini ndiyo nguvu? Injini hizi haziupendi mtindo huo. Hufanya kazi vizuri pedali zikizunguka mara 70 hadi 90 kwa dakika, na ukizilazimisha na gia nzito zinakula betri na mnyororo. Kwa miezi mitano nilikuwa nimefundishwa kunyonga upesi kwa gia nyepesi, bila kujua kwamba nafundishwa. Nilipoupeleka mtindo huo kwenye ya kawaida, mzigo uliokuwa ukilemea goti ukagawanyika. Miaka yote ile goti lilikuwa likilipia ubishi wangu wa gia.

Na ya kawaida nayo inafundisha. Kwenye ya umeme ukichagua njia mbaya kati ya mawe, injini inakuvusha, kosa linasahaulika. Kwenye ya kawaida kosa lilelile linakusimamisha. Kwa hiyo macho yanarudi kazini: unatafuta jiwe lililo bapa, unabadilisha gia kabla ya mwinuko badala ya katikati yake, unatunza mwendo uliotoka nao kwenye mteremko. Ukirudi kwenye ya umeme baada ya hapo unapanda kwa hali ya chini kabisa mahali ambapo zamani ulihitaji ya juu, na betri ya Wh 625 (saa-wati, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) inakufikisha mbali kuliko ulivyodhani.

Lakini niliumia pia, ndugu yangu, na hapa nakuomba usome taratibu. Mwaka jana nilikaa mwezi mzima kwenye ya kawaida, nikarudi kuwa mwepesi, nikafurahi. Kisha nikachukua ya umeme na kuteremka njia ninayoijua kama kiganja changu. Kuna kona yenye changarawe, na alama yangu ya kuanza kufunga breki ni kisiki fulani. Nikafika kwenye kisiki, nikafunga kama kawaida. Baiskeli haikupunguza mwendo kama nilivyozoea. Gurudumu la mbele likateleza, nikaangukia bega, na kifundo cha mkono kikateguka. Wiki sita sikushika usukani.

Ya kawaida yangu ina kilo 14, ya umeme kilo 23. Mimi mwenyewe nina 80. Kwa jumla ni kilo 94 dhidi ya 103, karibu sehemu moja ya kumi zaidi, na breki zinapaswa kuzimeza zote. Kisiki kilikuwa sahihi kwa baiskeli moja, na kwa nyingine kilikuwa kimechelewa. Jicho lilelile tena! Safari hii lilinidanganya kwenye kushuka. Na uzito huo haujifichi kwenye breki tu. Ukitaka kuinua gurudumu la mbele ili uvuke mzizi, mikono iliyozoea kilo 14 inavuta kidogo mno, na unaugonga. Kwa upande mwingine, kwenye mteremko wa mawe madogomadogo uzito huohuo unaituliza baiskeli, inashika ardhi, nami napenda hisia hiyo kuliko ninavyoweza kusema.

Ndiyo maana ninaogopa zaidi ile siku ya kuhama kuliko baiskeli yoyote kati ya hizi mbili. Sasa kila nikihama, safari ya kwanza naifanya kwenye njia rahisi ninayoijua, nusu saa tu, na nafunga breki mapema kuliko ninavyoona inafaa. Hali ya juu ya injini siigusi siku hiyo. Pedali nimefunga za aina moja kwenye zote mbili, mikono ya breki nimeielekeza kwa pembe ileile, na urefu wa kiti ni uleule hadi milimita. Mwili wa miaka 52 unasamehe kidogo. Sentimita moja ya kiti ambayo zamani nisingeisikia, leo inaniamsha usiku.

Jambo jingine la kuangalia kwenye ya umeme: usipumzishe mguu kwenye pedali ukiwa umesimama kwenye mwinuko huku injini imewashwa. Kihisi cha pedali kinahisi mgandamizo na baiskeli inaruka mbele. Na ukibadilisha gia, legeza mguu nukta moja, la sivyo mnyororo utakatika siku uko mbali. Betri usiiache tupu wala imejaa kwa majuma. Ikiwa hutoki, ihifadhi ikiwa na chaji nusu hivi, mahali pasipo joto kali.

Uliniuliza pia kuhusu moyo, kama ya umeme ni mazoezi kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya waendeshaji 33 waliopanda njia moja kwa baiskeli zote mbili. Kwenye ya umeme mapigo ya moyo yalikuwa kwa wastani kama asilimia 94 ya yale ya baiskeli ya kawaida. Kwa hiyo moyo unafanya kazi, usitilie shaka. Ninachokiona kwangu ni kwamba mapaja ndiyo yanayopumzika, na katika umri wetu misuli isiyotumika inaondoka upesi na kurudi kwa shida. Hilo pekee lingenitosha kubaki na ya kawaida, hata kama ningekuwa siipendi. Ila usifanye kama nilivyofanya, kungoja kifua kibane ndipo niende kwa daktari. Pima moyo kwanza, kisha ujue mipaka yako. Ile hesabu ya mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, 220 kutoa umri, inanipa mapigo 168, lakini ni makadirio tu; wengine wako juu yake kwa mbali, wengine chini.

Utaniuliza nachaguaje asubuhi. Siku hizi naangalia naenda na nani. Nikienda na binti yangu, ambaye sasa ananyonga kuliko nilivyowahi kunyonga mimi, nachukua ya umeme, na tunazungumza njia nzima ya kupanda. Zamani alikuwa akinisubiri juu ya kila mwinuko, ananiuliza kama niko salama, kisha anaondoka kabla sijapata pumzi ya kumjibu. Sasa amenisimulia mambo ya maisha yake ambayo nisingeyasikia mezani. Nikienda peke yangu, nachukua ya kawaida. Kuna ukimya wake: hakuna mvumo wa injini, ni tairi kwenye udongo na pumzi yangu tu, na nikifika juu najua nimefikishwa na nini.

Kwa hiyo usiiuze. Itundike ukutani kama huna nafasi, ipake mafuta, lakini usiiuze. Na wale wenzetu nenda ukawaone. Wawili kati yao, nakuhakikishia, wanatafuta namna ya kukuuliza kama wanaweza kuijaribu hiyo yako.

Mwezi ujao nakuja. Nataka tupande ile njia ya mawe pamoja, wewe uanze na ya umeme nami na ya kawaida, kisha kwenye lile jiwe kubwa la katikati tubadilishane. Pima urefu wa kiti chako kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti, uniandikie kwa milimita, nami nitaweka alama ya utepe kwenye nguzo ya kiti changu kabla sijaondoka.

Wako akupendaye,
mwenzako wa njia ya mawe