Kwako mdogo wangu, uliyeuliza mashine ya kusagia kahawa

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeuona Jumapili usiku kwenye grupu la familia: "Jamani, mashine gani nzuri ya kusagia kahawa nyumbani? Kinu cha Mzee kinatoa chenga tu." Miaka minne salamu zetu zinapitia kwa Mama, na hata safari hii hukuniuliza mimi, uliuliza grupu. Ila unajua anayesaga kahawa mle ndani ni mmoja. Nakujibu hapa, mbele za watu, maana kwa simu ningelia kabla sijamaliza salamu.

Ile uliyotuma picha yake, usinunue. Ina bladi chini, na bladi haisagi, inakatakata. Punje moja inakuwa vumbi, mwenzake anabaki nusu. Ukimimina maji ya moto, vumbi linatoa uchungu wote mara moja, na mapande makubwa yanaacha uchachu. Mwachie wifi yangu asagie viungo vya pilau, hapo itamfaa sana.

Tafuta ya meno. Jino moja limetulia, jingine linazunguka, na punje haipiti mpaka iwe ndogo kama nafasi iliyo katikati. Nafasi hiyo unaipanga mwenyewe: kwa presi ya glasi, ile ya kusukuma chujio chini, iwe pana, unga utoke kama chumvi ya mawe, kwa kahawa ya kuchemsha kwenye sufuria, kama ya Mzee, uibane. Ukitaka ya umeme, Baratza Encore ina hatua 40 za kupanga, ingawa bei yake inauma. Mimi ningekununulia ya mkono, kama Timemore C2 yenye meno ya chuma. Inabeba gramu 20 hivi, vikombe viwili vyembamba, na umeme ukikatika unaendelea kunywa. Zipo na za meno ya kauri, lakini kahawa yetu ya kuanika nyumbani haikosi kijiwe, na kauri ikikutana na jiwe inabanduka. Kwa vyovyote vile, chambua kwanza. Mzee alichambua kwenye ungo kila mara, hata macho yalipokuwa hayaoni tena.

Unakumbuka ulivyokuwa unakibana kinu cha Mzee kwa magoti, umekaa kwenye kigoda, mpini mkubwa kuliko mkono wako? Watoto wa jirani walikuwa hawakielewi. Kwetu kahawa ilikuwa ya kuuza. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, na mlima mzima unamenya, unavundika, unaosha, unaanika na kupeleka chama cha msingi, kisha unarudi nyumbani kunywa chai. Baba peke yake alijiwekea debe lake chini ya kitanda. Nawe ukaenda shuleni ukawaambia wenzako, "Baba yetu ana Peugeot," na hukudanganya, jina lilikuwa pale mbele kwenye kibati cha shaba. Hao Wafaransa walianza vinu vya kahawa mwaka 1840, karibu miaka 50 kabla ya gari lao la kwanza. Nilipokuja kulisoma hilo ni wewe niliyetaka kumpigia. Nilishika simu, nikairudisha mezani.

Kwa sababu ya siku ile. Matanga yameanuliwa, watu wanafunga mizigo, nawe ukaingia jikoni na funguo za gari mkononi. Hukuuliza. Ulikitoa kinu kwenye rafu, ukavuta droo, ukaona ina unga wa kahawa, ukatoka nao mlangoni ukaukung'uta kwenye migomba. Ukapiga droo kwenye kiganja mara mbili. Halafu ukapuliza.

Ule unga alisaga Baba. Asubuhi ya Jumatatu, kabla hatujampeleka hospitali, alisaga wa vikombe viwili akasema wa pili atakunywa akirudi. Mimi siku zote zile nilikuwa nafungua droo kidogo, nanusa, nafunga. Wewe ulikuwa umefika usiku, siku mbili tu kabla ya kuanua matanga, usingejua. Lakini ungeuliza! "Dada, hiki nichukue?" Maneno matatu tu. Ningekupa. Nasema ningekupa.

Umesema kinatoa chenga. Nilijua kitatoa chenga, nimeujua ukweli huo miaka minne.

Ulipokwenda kuaga kwa Baba Mkubwa, kinu kilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi. Nilifungua nati ya juu, nikatoa mpini, nikafungua ile nati ndogo ya chini inayoinua jino na kulishika, nikarudisha mpini na nati ya juu kama vilivyokuwa. Bila ile ndogo jino linaning'inia na punje zinapita zimevunjika vunjika. Sikuiba. Mtoto wa kwanza ni mimi, niliyemwogesha Baba ni mimi, na kitu kimoja cha mkono wake nilistahili kubaki nacho, hata kama ni chuma cha ukubwa wa kifungo cha shati. Ungekuja kuniuliza kwa nini hakisagi, ningekuambia siku hiyo hiyo. Nimekusubiri uulize.

Nati iko kwenye kopo la Blue Band, pamoja na sindano. Naipaka mafuta kila Krismasi isishike kutu.

Kwa hiyo usinunue mashine kwanza. Mwezi wa kumi na mbili ukipanda na watoto, njoo nacho, usikioshe kwa maji, kisugue kwa brashi kavu. Nati ukiirudisha, ikaze mpaka usikie meno yanagusana, kisha ilegeze polepole hadi mpini uzunguke bila kukwaruza. Baba aliilegeza nusu mzunguko, si zaidi. Debe bado lipo chini ya kitanda, na kahawa ya mwaka huu nimeshaichambua.

Dada yako