Heri ya Maha Shivaratri, na kumbukumbu ya Pattadakal

Ndugu zangu Wahindu wa Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Kampala, heri ya Maha Shivaratri, usiku mkuu wa mungu Shiva. Najua leo wengi wenu mmefunga, na usiku huu wa giza la mwisho wa mwezi mtakesha zamu zote nne za ibada.

Msimu huu ukifika, mawazo yangu huenda Pattadakal, kijiji kilicho kando ya mto Malaprabha, Karnataka. Nilikuwa mwanafunzi India, na familia ya rafiki yangu ikanipeleka huko. Mama yake, niliyemwita Amma kama wanawe walivyomwita, alibeba majani ya bilva, yale yanayoota matatumatatu kwenye kikonyo kimoja, kayafunga kwa kitambaa chenye maji yasinyauke. Tukavua viatu. Jiwe lilikuwa limeshika joto la jua, lakini ndani ya hekalu la Virupaksha mlikuwa na ubaridi, kiza na harufu ya kafuri. Fahali Nandi, wa jiwe jeusi, amelala kwenye ukumbi wake, macho kwa Shiva, tangu karne ya 8.

Hekalu hilo alilijengesha Malkia Lokamahadevi, yapata mwaka 740, kuadhimisha ushindi wa mumewe, Vikramaditya wa 2, dhidi ya Wapallava, watawala wa mji wa Kanchi. Kilichonigusa zaidi ni alichofanya mfalme huyo Kanchi kwenyewe. Mji ulikuwa mkononi mwake, na hekalu la Kailasanatha lilikuwa na mali. Hakuipora. Aliirudisha kwa hekalu, na habari hiyo ikachongwa kwa Kikannada kwenye jiwe la hapohapo. Tena Virupaksha lenyewe limefuata sana umbo la Kailasanatha: walioshinda walijenga kwa kujifunza kwa walioshindwa. Hata jina la fundi mkuu, Gunda, limechongwa Pattadakal, asisahaulike kando ya malkia wake. Nakshi ni nyingi mno na nzuri mno, lakini haya ndiyo niliyorudi nayo.

Mimi si Mhindu, na sikujua la kusema. Amma alinipa jani moja nimkabidhi kuhani, akanitamkia maneno polepole nami nikafuatisha.

Nimempigia simu asubuhi. Amefunga, na sauti yake ni ileile. Nimemwambia nawaandikia ninyi, akasema niwafikishie salamu zake.

Om Namah Shivaya. Mkeshe salama.