Virusi, kuvu na ini la kaka

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na poleni sana kwa habari za kaka. Umeniuliza mawili: kama achanjwe sasa baada ya kukutwa na homa ya ini B, na kwa nini tukizungumzia saratani ya ini mimi sichagui moja la kulaumu, virusi hivyo au kuvu wa nafaka. Ukinisoma mpaka chini utaona maswali yako yanaingiliana.

Chanjo haitamsaidia yeye. Humkinga mtu ambaye virusi vya homa ya ini B havijamwingia. Vikishajikita mwilini, haiviondoi. Wa kupimwa na kuchanjwa ni mkewe na watoto, na wakijaliwa mwingine apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Kaka mwenyewe apimwe wingi wa virusi na hali ya ini, kisha daktari aamue kama aanze dawa. Dawa zipo, za kumeza, na huvituliza virusi vizuri ingawa ni nadra kuvimaliza. Pombe aiache kabisa. Hapo usimbembeleze.

Sasa kuvu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu. Hao wote chanjo imeshawapita, na tukisifu chanjo (nami naisifu) tunawasahau. Kwao, sumu ya kuvu iliyomo kwenye nafaka ni jambo zito kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Ushahidi ninaoupenda ulitoka Shanghai. Miaka ya 1980 watafiti walikusanya mkojo wa wanaume zaidi ya 18,000, wakaugandisha, wakasubiri. Baadhi yao walipougua saratani ya ini, vichupa vyao vilitolewa vikapimwa mabaki ya aflatoksini, ile sumukuvu ya mahindi na karanga. Matokeo yaliyotoka 1994: mwenye sumukuvu peke yake, hatari yake ilikuwa mara 3.4 ya yule asiye na lolote. Mwenye virusi peke yake, mara 7.3, mwenye vyote viwili, mara 59.4. Hata ukizidisha 3.4 kwa 7.3 hufiki nusu ya hapo!

Ini lenyewe ndilo linaloikoleza sumu. Likijaribu kuivunja aflatoksini, linazalisha umbo kali linalonata kwenye DNA. Seli ikipewa muda hujirekebisha. Lakini katika ini lenye virusi seli zinakufa, nyingine zinagawanyika upesi kuziba pengo, na inayogawanyika kabla ya kujirekebisha huirithisha hitilafu. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na uvimbe wa wagonjwa wa Qidong huko China, jingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta badiliko lilelile: herufi G ya DNA imekuwa T kwenye kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 249 ya jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigeuke saratani. Sumu iliacha alama ya kidole chake.

Kazi yangu ya kila siku, kupima sumukuvu, haina fahari hiyo. Nasaga. Karanga moja huweza kubeba sumu nyingi ajabu huku zilizoigusa ni safi, kwa hiyo anayechota kiganja kimoja mdomoni mwa gunia anajidanganya. Nachota juu, kati na chini, nasaga vyote, nachanganya, ndipo napima. Dondoo la unga huo likishatandazwa kwenye bamba, taa ya urujuanimno ikiwashwa, aflatoksini B1 hung'aa buluu. Unga wenyewe ulikuwa mweupe tu, hauna hata harufu.

Kwa hiyo mwambie shemeji asitegemee moto, kupika kwa kawaida hakuiondoi. Nafaka ikaushwe mapema mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13, isilazwe sakafuni, na punje zilizovunjika, kusinyaa au kubadilika rangi zichambuliwe zitupwe. Sumu nyingi hujificha humo. Kule Qidong, watu walipohama kutoka mahindi kwenda mchele, vifo vya saratani ya ini vilipungua hata kwa waliozaliwa kabla ya chanjo kuwepo. Huwa naudhika watu wa chanjo na watu wa nafaka wanapokutana vikao tofauti, kila mmoja na bajeti yake, wakati ini ni lilelile.

Majibu ya kaka yakitoka, niandikie namba zenyewe, si "daktari kasema yuko sawa". Na mkewe asichelewe kupima.

Wasalimie wote.

Wako daima.